Pikapu za umeme Marekani: ipi inafika mbali na ipi inakula umeme hovyo

Kila anayetaka pikapu ya umeme anauliza kitu kimoja tu, inaenda maili ngapi, na matangazo nayo yanamjibu hapohapo, 320, 420, 492, basi mtu anachukua namba kubwa kuliko zote anaona kamaliza. Sikatai, maili ni muhimu. Ila namba ya pili, ile wanayoiweka kwa herufi ndogo, ndo inayokutoa hela kila mwezi: gari inakula uniti ngapi kwenye maili mia. Maili nyingi unaweza kuzipata kwa kubeba betri kubwa tu, hata kama gari yenyewe ni mlafi. Betri ni ukubwa wa mtungi wa gesi, ulaji ni jiko. Mtu mwenye mtungi mkubwa na jiko bovu atapika siku nyingi kweli, ila siku ya kujaza mtungi ndo atajua.

Hapa nalinganisha tano ambazo tunaziona barabarani huku Marekani, Rivian R1T, Ford F-150 Lightning, Tesla Cybertruck, Chevrolet Silverado EV na GMC Hummer EV. Ram siiweki kwa sababu walishaitupa pikapu yao ya umeme mtupu mwaka 2025 kabla hata haijauzwa, na jina lake wakalipa gari nyingine yenye injini ndani ya kuchajia betri. GMC Sierra EV ni ndugu wa damu wa Silverado, ukiielewa moja umeielewa na nyingine. Na nikisema uniti namaanisha uniti hiihii ya LUKU au tokeni za KPLC, kilowati-saa moja.

Tuanze na karatasi. Hizi maili ni za EPA, yaani vipimo vya serikali ya Marekani, alafu namba ya mwisho nimegawanya mwenyewe, maili kwa uniti za betri:

Rivian R1T (mota mbili, betri ya Max): kama uniti 140, maili 420, sawa na maili 3 kwa uniti
Cybertruck ya mota mbili: uniti 123, maili 325, sawa na 2.6
F-150 Lightning ya betri kubwa: uniti 131, maili 320, sawa na 2.4
Silverado EV ya kazi, Max Range: kama uniti 205, maili 492, sawa na 2.4
Hummer EV ya kwanza ya 2022: zaidi ya uniti 200, maili 329 (hii ni makadirio ya GM wenyewe, kampuni mama ya GMC na Chevrolet), hapo ni 1.6 tu

Angalia Silverado na Lightning. Moja inaenda 492, nyingine 320, mtu anasema aisee Chevy wamewaacha Ford mbali, kumbe ulaji ni uleule, tofauti ni kwamba Chevy wamebeba uniti sabini na kitu zaidi chini ya sakafu. Sio kosa, wengine wanahitaji hivyo kabisa, lakini usiseme ni gari inayobana matumizi. Inayobana kweli pale juu ni Rivian, na Cybertruck inafuata, pamoja na sura yake ile (sura siizungumzii leo, tutagombana).

Na hizo namba bado zina huruma, kwa sababu zinahesabu umeme uliokwisha kuingia kwenye betri. Umeme wa ukutani hauingii wote, mwingine unapotelea kwenye chaja na kwenye joto. EPA wao wanapima kutoka ukutani, ndo maana Lightning ya betri kubwa wameiandikia uniti 48 kwa maili 100. Piga hesabu, maili 320 zinataka kama uniti 153 kutoka ukutani wakati betri inabeba 131, kwa hiyo uniti ishirini na mbili hivi umezilipia na hazijakupeleka popote. Hummer kwa kipimo hichohicho inakaribia uniti 72 kwa maili 100. Sabini na mbili! Ukiona stika ya gari dukani tafuta mstari ulioandikwa kWh kwa maili 100, achana na ile MPGe yao, ile wamegeuza umeme kuwa galoni kwa kusema galoni moja ni sawa na uniti 33.7, haikusaidii kwenye bili ya umeme hata kidogo.

Sasa Hummer na Silverado ndo darasa zuri kuliko yote, maana hizi zinatoka kiwanda kimoja, Factory Zero pale Detroit, betri ni ya ukoo mmoja na ukubwa unakaribiana, lakini moja imeandikiwa 492 na nyingine 329. Maili 160 na zaidi zimeenda wapi? Zimeenda kwenye umbo. Hummer imesimama wima kama ukuta, tairi pana za inchi 35 za kupandia mawe, uzito unapita pauni 9,000, hiyo ni tani nne na kitu za gari tupu kabla hujapanda wewe na mama watoto. Silverado nayo sio nyepesi, zote hizi ni nzito, ila pua imelazwa, tairi ni za barabarani na ile ya kazi haina mbwembwe. Mtu akikwambia betri ndo kila kitu mwonyeshe hizo mbili.

Kingine kilichonichekesha, mwaka 2025 mainjinia wa GM waliichukua Silverado wakaiendesha maili 1,059 kwa chaji moja. Ndio, elfu moja na hamsini na tisa, gari ileile ya 492. Walifanyaje? Walitembea polepole, spidi ya maili 20 mpaka 25 kwa saa, AC imezimwa, tairi zimejazwa upepo mpaka mwisho unaoruhusiwa, tairi ya spea imetolewa, bodi ya nyuma imefunikwa, mpaka waipa za kioo walizishusha zisiguse upepo. Hakuna binadamu atakayeishi hivyo. Ila inaonyesha adui wa pikapu ya umeme ni nani: upepo, na mguu wako wa kulia.

Upepo hauongezeki kidogo kidogo kadiri unavyokimbia, unaongezeka kwa kipeo cha pili, spidi ikizidi mara mbili upepo unakusukuma mara nne. Ukitoka 60 kwenda 75 kwa macho ni kidogo tu lakini nguvu ya upepo imepanda zaidi ya nusu. Gari ya mafuta nayo inateseka hivyohivyo, ila injini ya mafuta inapoteza sana tangu mwanzo kwa hiyo huoni tofauti kubwa, ya umeme haina pa kuifichia. Na vipimo vya EPA vina safari nyingi za mjini, simama nenda, ambapo gari ya umeme inajirudishia umeme ikifunga breki. Haiwei hakuna breki, hakuna cha kurudi.

Jarida la Car and Driver wanazipima kwa spidi ya 75 bila kusimama, na pale ndo utajua. Lightning Platinum iliyoandikiwa maili 300 ilitoa 230. R1T ya toleo la mwanzo, iliyoandikiwa 314, ilitoa 220 ikiwa na tairi za porini. Cybertruck ile ya mota tatu ilitoa 250. Hummer ilijitahidi, 290, ila usisahau mtungi wake. Kwa hiyo mtu wa Houston anayeenda Dallas, maili kama 240, atoke na Lightning imejaa pomoni na akimbie kama Texas wote wanavyokimbia, hafiki. Lazima asimame Buffalo au Corsicana hivi. Mwenye Rivian ya Max au Silverado anapita moja kwa moja na anafika na chaji ya kuzungukia mjini.

Alafu hakuna anayetumia betri yote. Safarini unachaji mpaka 80 kwa sababu kutoka 80 kwenda 100 chaja inanyonya polepole mno, na ukifika 10 moyo unaanza kwenda mbio unatafuta pa kuchomeka. Kwa hiyo ukishaondoka na ile chaji ya kwanza kamili, kila kituo unapata asilimia 70 tu. Chukua ile 230 ya Lightning, asilimia 70 ni maili 160. Masaa mawili na dakika chache za kuendesha, alafu dakika arobaini hivi za kukaa, kwa sababu Lightning chaja ya haraka haivuki sana kilowati 150. Kwa watoto wanaotaka choo kila saa haina shida kabisa, kwa dereva mwenye haraka ni mateso.

Hapa ndo ulaji unarudi tena kwa mlango wa nyuma, na hili watu wengi hawalipigi hesabu. Wanasema Hummer inachaji kilowati 350, Rivian 220 tu, basi Hummer inachaji haraka zaidi. Umeme kweli unaingia haraka, ila we hununui umeme, unanunua maili. Rivian kwa kilowati 220 mara maili 3 ni maili 660 kwa saa ya kuchaji. Hummer 350 mara 1.6 ni 560. Mwenye bomba dogo kamshinda mwenye bomba kubwa! Silverado ndo inayowapiga wote hapo, 350 mara 2.4 ni 840, na Chevy wanasema inaweza kupata maili 100 kwa dakika 10. Lightning ni 360, ya mwisho. Hizo ni namba za kilele, zinashika dakika za mwanzo tu betri ikiwa tupu na ina joto zuri, baadae zinashuka, lakini mpangilio wa nani mbele nani nyuma unabaki karibu hivyohivyo. Kwa safari ndefu mimi ningeichagua Silverado bila kufikiri, na hapo namuonea huruma Ford.

Mambo ya soketi siku hizi yamepoa, Ford, Rivian na GM wote waliruhusiwa kwenye chaja za Tesla mwaka 2024, unanunua adapta unachomeka. Kero inayobaki ni waya wa Tesla mfupi, pikapu ndefu, unapaki kwa kukatisha nafasi mbili na watu wanakuangalia vibaya.

Nyumbani sasa. Ukiwa na nyumba yako na waya wa volti 240 wa kawaida, unavuta kilowati 11 na nusu hivi. Lightning tupu mpaka ijae ni kama masaa 13, Silverado ni karibu masaa 20, yaani mtungi mkubwa unajazwa kwa bomba lilelile. Sio tatizo kama unaongeza kidogo kila usiku, ni tatizo ukirudi Jumapili usiku umeimaliza na Jumatatu asubuhi unaenda mbali. Na wale wa kuchomeka kwenye soketi ya kawaida ya volti 120 kwa usiku mzima, mnapata uniti kama 15, hapo ulaji unaonekana kwa macho: Rivian inakupa maili arobaini hivi, Hummer inakupa ishirini na kitu. Kwa mtu anayeenda kazini maili 15 na kurudi, Rivian inatosha soketi ya kawaida tu bila kumuita fundi, Hummer haitoshi.

Hela. Chukua umeme wa nyumbani senti 17 kwa uniti, wengine mnalipa pungufu, wa California poleni. Lightning maili 100 ni dola 8 na kidogo. Rivian ya Max, ukiongeza na kile kinachopotea ukutani, tuseme uniti 38, ni dola 6 na nusu. Hummer dola 12. Kwa mtu wa maili 15,000 kwa mwaka tofauti ya Rivian na Lightning ni kama dola 255, haikupi usingizi mbaya, na bei ya Rivian ya Max inapita elfu 80 kwa hiyo usiinunue kwa kusema utaokoa umeme, hautaziona hizo hela ukiwa hai. Tofauti ya Rivian na Hummer inakaribia dola 870 kwa mwaka, hiyo sasa ni tiketi ya kwenda kusalimia nyumbani ukiwahi kununua.

Lakini badilisha chaja uone. Chaja za haraka za njiani zinauza uniti senti 40 mpaka 60. Weka 55. Lightning maili 100 sasa ni dola 26. F-150 ya mafuta inayokwenda maili 20 kwa galoni, mafuta tuseme dola 3 kwa galoni, maili mia ni dola 15. Umeona? Mtu anayekaa apatimenti hana pa kuchaji, akategemea chaja za njiani peke yake, atalipa zaidi ya jirani yake mwenye pikapu ya mafuta, na bado atakaa foleni. Wenzetu wengi wa Columbus na Minneapolis wanakaa apatimenti, na sikuhizi ile ruzuku ya dola 7,500 ya serikali haipo, ilikatwa tarehe 30 Septemba 2025. Kama huna soketi usiku, mi nakwambia ukweli, subiri. Au omba kazini kwako, makampuni mengine yana chaja za bure pakingi na watu hawazitumii.

Minneapolis nimeitaja kwa makusudi kwa sababu ya baridi. AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, walipima magari ya umeme mwaka 2019, hayakuwa pikapu, wakakuta kwenye baridi ya Farenhaiti 20, yaani kama Selsiasi hasi 7, ukiwasha hita ya ndani maili zinapungua kwa wastani wa asilimia 41. Gari ya mafuta inakupa joto la bure kutoka kwenye injini, ya umeme inabidi ilitengeneze kutoka betri ileile inayokupeleka. Dawa yake ni hita ya aina ya hitipampu ambayo inatumia umeme kidogo zaidi: Cybertruck inayo, Rivian waliiweka kwenye kizazi cha pili kilichotoka 2024, Lightning waliiongeza kuanzia modeli ya 2024. Ukinunua Lightning ya 2022 au 2023 iliyotumika kwa ajili ya Minnesota ujue haina, piga namba zako za baridi kwa nusu na kidogo juu. Washa hita gari ikiwa bado imechomekwa nyumbani, na ukiwa njiani tumia joto la kiti na usukani kuliko la hewa. Texas na Arizona hili haliwahusu sana, AC inakula ila haifiki huko.

Trela sasa, maana kuna ndugu zetu wengi biashara yao ni kununua magari kwenye mnada wa Copart, kuyakokota na kuyapeleka bandarini yaende Dar au Mombasa. Kwenu nyie namba zote nilizoandika juu mzifute. Car and Driver waliwahi kufunga trela la kambi la pauni 6,100 nyuma ya tatu kati ya hizi kwa spidi ya 70, Lightning ikaenda kama maili 100, Rivian 110, Hummer 140. Basi. Rivian yote na ubanaji wake imeshinda Ford kwa maili kumi tu, kwa sababu ukishafunga ukuta nyuma yako upepo haujali tena pua ya gari ilichongwa vizuri kiasi gani, kinachobaki ni ukubwa wa betri. Kwa hiyo hapa ushauri wangu unageuka kabisa: ukivuta mara kwa mara mtungi mkubwa ndo wenyewe, Silverado ya kazi, inavuta mpaka pauni 12,500 na ina pa kuchukulia umeme. Trela tambarare lenye gari moja la chini ni afadhali kuliko trela la boksi, umbo ndo linaua zaidi ya uzito. Na chaja nyingi bado hazina nafasi ya kuingia na trela, unafungua unaliacha pembeni unaenda kuchaji unarudi kulifunga, usiku, mvua. Kama kila wiki unavuta maili 300 kwenda bandarini, dizeli yako bado ina kazi, hakuna haja ya kudanganyana.

Tairi watu wanazidharau. Rivian wenyewe ukichagua rimu za inchi 20 zenye tairi za porini wanakupunguzia zaidi ya asilimia 10 ya maili palepale kwenye fomu ya kuagiza. Ile 420 ni ya tairi za barabarani. Vijana wananunua pikapu wanaipandisha, wanafunga tairi za vinundu na taa za juu, alafu wanalalamika betri mbovu. Na Rivian ina kamera za ulinzi ambazo zikiwa macho usiku kucha zinalamba chaji kidogo kidogo, kama unapaki ndani ya gereji yako zizime.

Rivian pia inabana umeme kwa sehemu kwa sababu ni ndogo. Bodi yake ya nyuma ni futi nne na nusu, Lightning ni tano na nusu, Cybertruck na Silverado zinakaribia sita. Godoro la kwin ndani ya Rivian ni vita. Mwenye kampuni ya kuhamisha watu au fundi mwenye mbao na mabomba akinunua Rivian kwa ajili ya maili 3 kwa uniti, atarudi mara mbili kubeba mzigo ambao Lightning ingebeba mara moja, na hapo ubanaji umeisha. Lightning nayo ina kitu ambacho hakipo kwenye namba za maili, soketi za kutoa mpaka kilowati 9.6 kwa jumla, unaendesha mashine za kuchomelea au friji zako umeme ukikatika. Watu wa Houston walipopigwa na kimbunga Beryl Julai 2024, zaidi ya wateja milioni mbili gizani, gari yenye uniti 131 nje ya nyumba ilikuwa sio gari tena. Nyumba ya Kimarekani inakula kama uniti 30 kwa siku, kwa hiyo siku tatu na zaidi unakaa.

Wanaoniuliza kuhusu kuisafirisha nyumbani, kwa ufupi. Kenya usukani wa kushoto hausajiliwi kirahisi, kwa hiyo hapo stori inaisha. Kwengineko shida ni soketi, ya Marekani sio ile ya CCS2 au ya Kichina ambayo chaja za kwetu zinaitumia, na fundi wa betri ya uniti 131 utamtafuta. Ulaji wenyewe ungependeza, uniti 48 kwa maili 100 ni uniti 30 kwa kilomita 100, kwa bei ya kawaida ya Tanesco ya shilingi 356 kodi ikiwa ndani ni kama elfu kumi na mia sita, linganisha na lita tisa au kumi za dizeli za Hilux kwa bei ya wiki hii utajionea. Ila za umbo la kwetu nazo zimeanza kuja. Hilux ya umeme iliyozinduliwa Novemba 2025 ina betri ya uniti 59.2 na wameisema kama kilomita 240 kwa kipimo cha Ulaya, Isuzu D-Max ya umeme uniti 66.9 kwa kilomita 263. Gawanya, zote zinakaribia uniti 25 kwa kilomita 100, wakati Rivian yenye uzito wa tani tatu na zaidi, kwa kipimo cha Marekani ambacho ni kigumu zaidi, inakula 21. Gari ndogo inakula kuliko kubwa, kwa sababu Hilux na D-Max ni bodi za dizeli zilizowekewa betri, Rivian ilichorwa ya umeme tangu karatasi ya kwanza. Bado kwa barabara ya Sumbawanga ningebaki na Hilux, spea na chesisi ni hoja nyingine.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi. Una nyumba na soketi, unaenda kazini na mara moja moja safari ya familia, huvuti kitu, na hela ipo: R1T. Hela haipo sana: Lightning iliyotumika, tena Ford walitangaza Desemba 2025 kwamba hii ya umeme mtupu wanaisimamisha, inayofuata itakuwa na injini ya kuchajia, kwa hiyo za zamani zipo sokoni na wauzaji wanaongea. Unavuta au unakimbia haiwei siku nzima: Silverado ya kazi, usiichukue ile ya anasa yenye rimu za inchi 24, inaenda pungufu kwa bei ya juu. Cybertruck ulaji wake ni mzuri kuliko watu wanavyodhani na chaja za Tesla inazitumia bila adapta, ukiipenda ipende. Hummer sina la kusema zaidi ya uniti 72.

Na ukienda kuangalia Lightning iliyotumika, kabla hujaongelea bei muulize muuzaji ni betri ya 98 au ya 131, kwa sababu kwa nje zinafanana kabisa, toleo la XLT ni XLT tu, na wengine wanaandika tu "Lightning" kwenye tangazo. Ile ndogo ni maili 230 au 240 za karatasi, kwenye 75 ukitoa na akiba ya asilimia 10 chini na 20 juu unabaki na maili mia na ishirini hivi kati ya chaja na chaja. Mwambie aiwashe, achaji mpaka 100, akutumie picha ya dashibodi.